Jiwe Moja Kila Asubuhi

Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na siku nilipoambiwa naenda kulinda mawe nilikasirika hadi nikashindwa kumaliza chai. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu Doha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, mji mzima umechimbwa, kila barabara ina kizuizi. Kituo changu kilikuwa mlangoni mwa jengo moja refu pale West Bay, sare imenyooshwa, kiyoyozi kinanipuliza mgongoni, wakubwa wanaingia na kutoka na wengine wameanza kunijua kwa sura. Nilijiona mtu. Halafu supavaiza wetu, mtu mfupi ambaye sijawahi kumwona ameketi, akaniita kando akasema kuanzia kesho nipande basi lingine. La wapi? Nje ya mji. Kulinda nini? Akanitolea picha kwenye simu. Niliitazama, nikaigeuza ile simu, nikaitazama tena. Ilikuwa rundo la mawe katikati ya uwanda mtupu.

"Nani ataiba mawe?" nikamuuliza.

"Usiulize. Linda," akasema, na tayari alikuwa anamwita mtu mwingine.

Basi la kampuni lilitoka Industrial Area kabla jua halijachomoza, likatupitisha kwenye gereji na kambi za watu wengine, likashika barabara kuu, kisha likaiacha lami likaanza kuruka juu ya changarawe. Kwetu Samburu mawe yako tele, kwa hiyo si mawe yaliyonishangaza. Ni ule utupu. Kwetu hata mahali pakavu kiasi gani kuna mlima wa kutupia macho, kuna mbuzi, kuna mtu anakuja kwa mbali na unaanza kujiuliza ni nani. Hapa jicho lilikwenda likarudi bila kuleta kitu. Katikati ya utupu huo kulikuwa na wavu wa plastiki wa rangi ya machungwa, na ndani ya wavu lile rundo. Urefu wake ulinifika kifuani, upana wake ulitosha nyumba ya mama. Pembeni kulikuwa na kontena moja la ofisi. Na kutoka upande wa mji ulikuja mstari wa vigingi vyenye utepe mwekundu, umenyooka, unalielekea lile rundo kana kwamba halipo. Hapo ndipo barabara mpya ingepita.

Mwenzangu kwenye zamu ya mchana alikuwa Mtanzania wa Tanga, mtu mzima aliyekaribia hamsini, mwembamba, ambaye hata leso yake aliipiga pasi. Mimi nilimwita mzee. Yeye aliniita Mkenya, na siku ya kwanza tu alinicheka hadi akashika kiuno kwa sababu nilisema "hii mawe".

"Haya mawe, bwana wee! Haya! Sasa wewe utalinda kitu ambacho hata kukitaja huwezi?"

"Kwani mawe yanajali?" nikamjibu, nimeshavimba.

"Yanajali. Mimi ndiye ninayejali kwa niaba yake."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angekuchokoza hadi umtukane, kisha angekumegea chapati yake. Alikuwa na binti mmoja katika chuo cha uuguzi, mwaka wa mwisho, na habari za huyo binti nilizila asubuhi na mchana: amefaulu hiki, amepelekwa wodi ile, mwalimu fulani anamwonea. Mzee alikuwa amechoka na Doha, magoti yamechoka, macho yamechoka. Alisema amebakiza miezi kumi tu, binti amalize. "Siku atakayovaa ile kofia nyeupe," alisema, "mimi napanda ndege na sare yangu hii hii, siivui." Niliijua hiyo sentensi kwa moyo. Kila aliposema nilimwambia siku hizi manesi hawavai kofia, naye alinijibu binti yake atavaa.

Mkubwa wa pale kwenye mawe alikuwa mama mmoja kutoka Jordan, kofia pana, miwani, mikono imepasuka kwa vumbi. Kila mtu alimwita daktari. Wiki ya kwanza, nikiwa mjinga wangu, nilikunja suruali nikamwonyesha goti langu la kushoto lililokuwa likinisumbua tangu nianze kazi za kusimama. Alilitazama kwa adabu, akaniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba yeye hutibu watu waliokufa tu, tena zamani sana. Mzee wa Tanga alicheka hadi akatoka nje ya wavu.

Ndipo tukajua kilichomo. Daktari alitueleza wote wawili, mkono wake umeelekezwa kwenye rundo: kaburi. Si la jana wala la enzi za babu. Kabla ya Uislamu, kabla ya Ukristo, kabla ya yeyote kuandika jina la mahali hapa. Ndani huenda kuna mtu mmoja amelazwa ubavu, magoti yamevutwa hadi kifuani, labda na shanga za kombe shingoni. Nilimuuliza alikuwa mtu wa kabila gani. Akasema hajui. Dini gani? Hajui. Mwanamume au mwanamke? Bado. Niliduwaa. Kwetu ukikuta kaburi kuna mtu wa kukwambia ni la nani, hata kama ni uongo. Huyu alikuwa amelala pale maelfu ya miaka na hakuna hata mmoja wa kumsingizia. Mzee wa Tanga alinong'ona kitu cha dua kisha akasita, akaniuliza mimi Mkristo, eti dua inamfika mtu aliyekufa kabla ya Mtume? Nikamwambia mimi nitajua wapi.

Supavaiza alipokuja kutukagua alitupa amri moja tu, tena kwa kidole: lisitoke hata jiwe moja. Likitoka jiwe, na wewe unatoka. Niliielewa vizuri sana.

Sasa nieleze lile jambo. Kwetu, ukipita kaburi la mtu mzima njiani, hupiti hivi hivi kama umepita kichaka. Unaokota jiwe unalitia juu, au unavunja tawi bichi unaliweka. Mama alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, tunapeleka ng'ombe majini, na hakunieleza kwa nini. Aliniambia tu, "Weka, usimpite mtu." Nimebatizwa, nimekuwa mtumishi wa altare, na bado mkono wangu unaokota jiwe kabla kichwa hakijauliza. Pale kwenye uwanda hakukuwa na jani hata moja, lakini mawe yalikuwapo. Basi kila asubuhi nikishuka kwenye basi, walinzi wa usiku wanapanda, mzee ameingia kwenye kontena kutia sahihi daftarini, daktari bado hajafika, mimi naokota jiwe moja, naliweka juu ya rundo, nasema kwa lugha yetu maneno mawili ya kumwamkia, halafu nasimama mahali pangu. Sikujificha. Sikuona kama ni jambo la kujificha. Ungeniuliza siku hiyo kama kuna kitu nimefanya, ningekwambia hapana, na ningeapa.

Daktari alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mwingine. Kabla ya kung'oa kitu chochote alitaka kwanza kulichora rundo lote, jiwe kwa jiwe. Alifunga kamba za miraba juu yake, akakaa kwenye kiti cha kukunja na karatasi za miraba vilevile, penseli sikioni, na kila jiwe akalichora lilivyo na kulipa namba. Akimaliza upande mmoja anapanda ngazi anapiga picha, ngazi ikiwa daima palepale penye misumari minne. Ilikuwa kazi ya wiki na wiki. Nilimwonea huruma. Nilidhani labda amefiwa, anatafuta cha kumshughulisha.

Wiki ya tatu akaanza kuwa mkali. Anachora, anafuta. Anashika picha mbili anazitazama, moja mkono huu, nyingine mkono huu, halafu anazunguka rundo anaongea peke yake kwa Kiarabu. Siku moja alituuliza kama usiku kuna watu wanaingia. Nikamwambia usiku si zamu yetu, lakini mimi mwenyewe nikakasirika kwa niaba yake. Nani mshenzi anayechezea kaburi la watu? Nikajitolea kuzunguka wavu wote kutafuta mahali palipopasuliwa. Nilizunguka mara mbili kwenye jua la saa sita, na sikuona kitu. Nilirudi nikamwambia labda ni upepo. Akauliza, "Upepo unaoleta mawe?"

Kumbe hilo ndilo lilikuwa linamvuruga. Hakuna lililotoka. Yalikuwa yanaongezeka.

Ungedhani hapo ningeshtuka. Sikushtuka. Mpaka leo najiuliza kichwa changu kilikuwa wapi, na sipati jibu. Nadhani katika akili yangu kulikuwa na "kuchezea mawe", ambako ni kazi ya watu wabaya, na kulikuwa na kile nilichofanya asubuhi, ambacho hakikuwa kitu, kilikuwa salamu. Havikuwahi kukutana. Kesho yake asubuhi nilishuka kwenye basi, nikaokota jiwe, nikaweka.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, supavaiza alikuja na pikapu nyeupe. Daktari alikuwa amepiga simu ofisini. Yeye ndiye aliyetukusanya wote kwenye kontena, akatandaza picha mezani, kubwa, safi, na juu yake amezungushia mawe duara kwa kalamu nyekundu. Akaeleza taratibu, maana alitaka tuelewe. Watu wa barabara wanasema hili si kaburi lolote, ni mawe tu yaliyokusanywa na wachungaji au vibarua miaka ya karibuni. Yeye amewaandikia kwamba ni la kale, na watakuja kuangalia. Wakikuta mawe mapya juu yake, khalas, imekwisha, watasema si tuliwaambia, na trekta litapita. Kwa hiyo anataka kujua ni nani.

Nikainama nitazame. Ndani ya duara moja jekundu kulikuwa na jiwe la kahawia lenye mshipa mweupe umelipita katikati. Nililijua. Nililiokota karibu na gurudumu la basi, nikalipenda, nikalifuta vumbi kwa mkono wa shati kabla ya kuliweka.

Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, lakini ningeanza wapi? Ningemwambia supavaiza nini, kwamba namwamkia marehemu? Kwa Kiingereza gani? Nikiwa bado natafuta neno la kwanza, supavaiza alikuwa ameshatoka nje, amelizunguka rundo, na upande wa magharibi, ndani ya wavu, ameona nyayo nyingi na mkeka umekunjwa.

Ulikuwa mkeka wa mzee. Alikuwa akisali pale kila siku kwa sababu mahali pengine changarawe zilimchoma paji la uso, na pale watu wa daktari walikuwa wamefagia. Tena alichagua upande ule makusudi, ili kaburi lisiwe mbele yake akielekea kibla, alisema haifai. Daktari alimruhusu. Lakini supavaiza hakuuliza ruhusa ya nani. Aliinua mkeka juu akasema, "Nani wa hapa?" Mzee akasema ni wake. "Kila siku uko hapa ndani?" Kila siku. "Basi."

Ilikuwa haraka hivyo. Daktari alijaribu kusema kitu, simu ya supavaiza ikalia, mzee akaambiwa achukue begi lake. Nyumbani, na muhuri mbaya kwenye faili, asirudi tena. Mzee hakubishana. Alikunja mkeka upya, maana supavaiza alikuwa ameukunjua, akaingia kwenye pikapu. Kabla hawajaondoka aligeuza kichwa akanitazama kupitia kioo cha nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono nyuma, kama tulivyofundishwa kusimama mlangoni West Bay.

Alhamisi waliniletea mlinzi mwingine ambaye hatukuongea. Sikuweka jiwe. Nilipita kando ya rundo nimeinamisha macho, na mkono wenyewe ulikuwa unaniwasha. Nilijiambia nitasema mchana, daktari akipata nafasi. Mchana nikasema jioni. Nikawa nahesabu watu wangu wa nyumbani wanaonitegemea, kisha nahesabu wa mzee, kisha naacha. Jioni nikarudi kambini. Mzee alikuwa bloku la pili kutoka letu, anangoja tiketi, na kwenda chumbani kwangu kwa njia ya kawaida lazima upite mlango wake. Mimi nilizunguka nikapitia jikoni. Sasa nimeliandika hilo na naona aibu ileile.

Ijumaa ni siku yetu ya mapumziko. Niliondoka mapema sana, mapema kuliko basi lilivyohitaji, nikaenda Mesaimeer kanisani. Nilikaa misa ya kwanza, nikakaa na ya pili, nikakaa hadi ile ya mchana. Niliimba kwa sauti hadi watu wakageuka. Baadaye, nje, kwenye foleni ya ukaguzi ya kutokea, nilimsimulia dada mmoja wa Nyeri, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, ambaye tulizoea kugawana mandazi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Mawe?" akasema. "Yaani umeenda kuweka mawe ya kwenu kwa kaburi la wenyewe?"

"Ndiyo."

"Na mtu amefutwa."

"Ndiyo."

"Aki wewe!" Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Nyamaza. Unasikia? Huyo ashaenda. Usijipeleke na wewe."

Alinipenda, ndiyo maana alisema hivyo. Na mimi nilifurahi kuambiwa, hilo pia niseme. Nilifurahi kwa muda wa kutoka pale hadi kituo cha basi. Baada ya hapo nikachanganyikiwa zaidi, maana sasa nilikuwa na ruhusa ya kunyamaza na bado sikuweza kula yale mandazi.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikwenda kwenye kiti cha daktari nikasimama mbele yake, nikamzibia mwanga. Akainua uso.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

Nikaokota jiwe chini, nikaenda hadi kwenye wavu, nikanyoosha mkono kama mtu anayeweka, kisha nikaliacha lianguke nje. Nikamwonyesha kidole kimoja. "Kila asubuhi. Moja."

Alikasirika. Sijawahi kuona mtu mpole akakasirika namna ile. Alitupa penseli. "Wiki tatu!" akasema. "Wiki tatu nachora mawe yako! Nimeyapa hata namba!" Akaniuliza ni nani aliyenituma, watu wa barabara? Nikasema hapana. Basi nani? Nikasema mama yangu. Nikajaribu: kwetu, mtu amelala, huwezi kumpita bila salamu. Jiwe ni salamu. Niliambiwa lisitoke jiwe, na mimi sikutoa. Nilikuwa nalia sasa, na nilikasirika kwa kulia.

Daktari alikaa kwenye kidato cha chini cha ile ngazi yake. Halafu akaniuliza kama naweza kumwonyesha. Tukalizunguka rundo pamoja. Machache niliyakumbuka mara moja, lile la mshipa mweupe, moja lililofanana na mkate uliokatwa. Mengine nilisimama mbele yake nisijue, ni langu au ni la wale waliomzika, na nilichukia kutojua. Yeye aliliinua kila moja kwa vidole viwili akatazama tumbo lake. Ya kale yalikuwa na udongo umegandamana chini, mgumu. Yangu yalikuwa safi. Alikuwa na kiboksi cha picha za kulinganisha na ndoo mbili, na yangu yote yaliingia ndooni. Nilimuuliza kama nimemharibia yule mtu. Akasema, "Yeye hapana," kisha akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema kambini, anangoja tiketi. Akachukua ufunguo wa gari.

Ofisini sikuingia, nilibaki kwenye korido nikiwasikia. Supavaiza alisema karatasi zimeshapita, tiketi imeshakatwa, haiwezekani. Daktari hakupandisha sauti. Aliomba kuonana na mudir, mkubwa wa kampuni, akaingia na ndoo moja mkononi, na sikumwona kwa karibu saa nzima. Alipotoka aliniambia mzee anarudi kazini Jumapili, palepale kwenye mawe. Mimi nilipewa barua ya onyo na kuondolewa pale. Nirudi West Bay, mlango uleule nilioulilia siku ya kwanza, na kiyoyozi chake. Nilishindwa kuelewa ni adhabu au ni zawadi. Nilitia sahihi nikamshukuru supavaiza, naye akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, sikuzunguka tena jikoni kwa kujificha. Nilienda huko kumtafuta. Mzee alikuwa peke yake kwenye jiko la mwisho, anapika wali, leso begani. Ukweli ni kwamba nilitarajia anishukuru. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno ya kumkataza asinishukuru.

"Mzee, nimesema," nikamwambia. "Nimewaambia ni mimi."

"Nimeambiwa," akasema. Akapunguza moto.

"Nisamehe. Mimi mwenyewe sikujua kama nilikuwa nafanya kitu. Ningejua..."

"Mimi nilijua."

Nikamtazama.

"Dirisha la kontena lina kioo, Mkenya. Kila asubuhi natia sahihi nikikuona. Unaokota, unaweka, unasema na mtu wako. Siku ya kwanza nilitaka kukucheka, nikaona haifai."

"Kwa nini hukuwaambia? Pale pale, Jumatano?"

"Lilikuwa lako kusema." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivuruga. Nilizoea hasira, ningejua la kufanya nayo. "Kwenye pikapu niliona mdomo wako unafunguka, nikasema haya, atasema sasa hivi. Alhamisi nikakaa mlangoni nikikungoja, nikasikia viatu vyako vimepita nyuma. Navijua viatu vyako. Ijumaa nikasema leo hana kazi, atakuja. Nikangoja mpaka baada ya swala ya Ijumaa. Ndipo nikampigia binti yangu nikamwambia afungashe, sina tena cha kumwekea chuoni."

Niliuliza saa ngapi. Sijui kwa nini niliuliza saa. Akasema saa nane. Saa nane mimi nilikuwa Mesaimeer, naimba.

"Amesharudi kwa mama yake. Amebeba kila kitu, mpaka ndoo ya kuogea. Mtaa mzima umeambiwa baba amefukuzwa Uarabuni. Leo nimempigia tena nimwambie mambo yametengemaa, arudi." Alikoroga wali ambao haukuhitaji kukorogwa. "Akaniuliza, baba, ni nani huyo aliyetaka kukuponza?"

Nikangoja.

"Nimemwambia simjui," akasema, akafunika sufuria.